Kitako cha Gobore na Urithi wa Wahunzi

Katika nyanda za juu za Ufipa, iliko Mwimbi yetu, bado yaonekana mabaki ya malungu, yaani tanuri za udongo zenye kimo kipatacho mita 3, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri ndogo zilizovukutwa, kisha wahunzi wakafua majembe, mashoka na mikuki.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilileta bunduki kutoka pwani. Mwaka 1890, Mkataba wa Brussels ulizuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka latitudo 20 Kaskazini hadi 22 Kusini; zilizoruhusiwa kwa biashara zilikuwa hasa gumegume zenye mtutu usio na mifuo. Basi gobore halikubaki mikononi mwa wazee wetu kwa kutoijua bunduki iliyo bora. Wakubwa wa dunia ndio walioamua hivyo.

Silaha kuukuu huhitaji fundi. Mtutu hudumu, bali mti hupasuka na kuliwa na mchwa. Mtutu ulitoka Ulaya, lakini kitako kipya kilipaswa kutoka katika misitu yetu. Mninga wafaa sana kwa kazi hii, maana ukikauka haupindi wala kusinyaa sana. Gogo hukaushwa kivulini, likachongwa kwa shoka na tezo. Kisha fundi hupaka masizi chini ya mtutu na mtambo, akavilaza katika mfuo aliouchimba. Palipo na doa jeusi ndipo mti unapogusa kupita kiasi. Hapo hupitisha patasi kidogo, akapima tena na tena. Akiacha nafasi, chuma kitaugonga mti kila baruti ilipukapo, na kitako kitapasuka. Mwisho hulainishwa kwa majani makavu ya msasa, mti ulioipa jina karatasi ya kusugulia mbao, kisha hupakwa mafuta.

Hatusifu silaha. Gobore limetumika kuwinda watu na kuua tembo wetu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yakataza kuunda au kumiliki silaha bila kibali. Tunachosifu ni jicho na mkono vilivyojua kuoanisha mti na chuma. Ujuzi huo ndio utiao mpini katika jembe.

Malungu yalizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea, na elimu yake ikabidi itafutwe kwa wazee wachache. Mali bila daftari huisha bila habari. Enyi walimu, wapelekeni vijana kwa seremala na mhunzi wa kijiji, wakiwa na kalamu mkononi, kabla patasi haijawekwa chini.