Wasomaji Walioijaza Kamusi ya Oxford

Mwezi Aprili 1879, Mskoti James Murray, mhariri wa Kamusi ya Oxford, alitoa mwito kwa wote wasomao Kiingereza, kuanzia Uingereza hadi Marekani na makoloni. Aliwaomba wasome vitabu, na kila wakutapo neno lililotumika kwa namna inayofichua maana yake, wanakili sentensi hiyo kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la kitabu na mwaka, kisha waitume kwa posta.

Wazo la kamusi hiyo lilizaliwa 1857 katika Jumuiya ya Filolojia ya London. Kamusi zilizokuwapo, hata ile mashuhuri ya Samuel Johnson ya 1755, zilikuwa zimeacha maneno mengi. Katika jumuiya hiyo, Richard Chenevix Trench alishikilia kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria wa maneno na hana mamlaka ya kuyahukumu. Kwa hiyo kila maana ingewekwa kwa mpangilio wa miaka, ikiwa na ushahidi wa waandishi walioitumia.

Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki 1861 akiwa na miaka 30. Chini ya mrithi wake, Frederick Furnivall, karatasi zilitawanyika majumbani mwa watu. Murray alipozipokea, gunia moja lilikuwa limegeuzwa makazi ya panya.

Murray alikuwa mtoto wa mshona nguo, na aliacha shule akiwa na miaka 14. Alijenga banda la mabati nyumbani kwake, akaweka humo rafu yenye vijumba zaidi ya 1,000. Watoto wake walizipanga karatasi kwa alfabeti na kulipwa vijisenti. Mmoja wa wachangiaji wakubwa alikuwa William Minor, daktari wa jeshi la Marekani, aliyezuiwa katika hospitali ya Broadmoor baada ya kumwua mtu London mwaka 1872 akiwa na maradhi ya akili. Kutoka chumbani mwake humo alituma maelfu ya mifano.

Kazi ilikadiriwa kuchukua miaka 10. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, nayo haikumaliza hata herufi A. Murray alifariki 1915, na wenzake wakaikamilisha 1928 ikiwa na maneno 414,825 na mifano ya matumizi zaidi ya milioni 1.8.

Matbaa ya Oxford iliyochapa kamusi hiyo ndiyo pia iliyochapa, mwaka 1894, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya A. C. Madan, mmisionari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyefanya kazi Zanzibar. Tangu hapo wasomaji wetu wamekuwa na mahali pa kutafuta maana za maneno ya Kiingereza.

Lakini maneno yetu wenyewe ya Kiswahili hayajapata kamusi ya kihistoria kama ile ya Oxford. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inatoa maana bila kutuambia neno lilianza kuandikwa lini, wala maana yake iligeuka vipi. Ushahidi tunao: hati ya Utenzi wa Tambuka ya 1728, barua za wafanyabiashara wa pwani, magazeti ya wamisionari, kumbukumbu za Bunge. Oxford walianza na wananchi wa kawaida waliokubali kusoma kwa makini na kunakili kwa uaminifu. Vyuo vyetu vitoe mwito kama huo, nasi tuuitikie.