Peugeot 404 na gari la kobalti

Wazee wengi wa Katanga wanaikumbuka Peugeot 404, motokari iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Ilikuwa gari la jamaa na mizigo, lakini ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968! Fundi mwenye funguo chache aliifungua na kuirudisha barabarani.

Mwaka 2008 Marekani ikatoa Tesla Roadster, gari la mbio lisilokunywa mafuta. Ndani mlikuwa na betri ndogo 6831 zenye kobalti, madini ambayo leo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo, hasa Lualaba.

Ile 404 ilifika kwetu. Magari ya kobalti ni nadra kuyaona Lubudi. Kule Kolwezi, jamaa za Cité Gécamines zilibomolewa nyumba ili mugodi upanuke, na wengine wanasema malipo hayakutosha kupata nyumba kama ile.