Nani alimlipia Kirilo nauli?

Jamani nipo, sijapotea. Bumu lilichelewa, bando likaisha, nikawa nashinda maktaba tu. Na huko huko maktaba nimekutana na jambo ambalo naona lazima niwaandikie.

Kuna kaka mmoja wa idara yetu anatafuta ufadhili wa kusoma udaktari. Anataka kutafiti historia ya hisani na vyama visivyotafuta faida hapa Meru. Juzi akaniita tusome pamoja fomu ya mfuko mmoja wa nje. Swali likasema: taja shirika utakalotafiti, mwaka liliposajiliwa na mfadhili wake mkuu. Kaka akabaki ameshika kalamu. Anaotaka kuwatafiti ni wakulima waliochangishana ili Kirilo Japhet aende Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Sasa mfadhili mkuu aandike nani? Mbuni?

Kwa wasioijua habari hii, ngoja niirudie. Wajerumani walipoutawala mlima huu waligawa ardhi nzuri ya chini kwa walowezi, Wameru wakabanwa juu. Waingereza walipokuja hawakuirudisha. Baada ya vita ya pili ya dunia ikaundwa tume ya Jaji Wilson kutazama ardhi ya Arusha na Moshi, na kutokana na mapendekezo yake serikali ikaamua eneo la Ngare Nanyuki, upande wa mashariki ya mlima, liwe la Wazungu wachache wafuge ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wakaambiwa waende King'ori, chini kwenye joto, wakakataa.

Tanganyika wakati ule ilikuwa nchi ya udhamini, siyo koloni kamili, kwa hiyo raia wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Haki ilikuwepo kwenye karatasi. Nauli ndiyo haikuwepo! Wala wasingeweza kupitia kwa Mangi Sante, kwa kuwa wengi walishaacha kumwamini. Wakawa na chama chao, Meru Citizens' Union, na hela zikachangwa na watu wenyewe, hao hao waliotoka kuchomewa nyumba. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi (baadaye sana akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli). Kirilo alifika, akasikilizwa. Kamati ya Nne ikapitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru, lakini kwenye Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura. Likaanguka.

Walishindwa, ndiyo. Ila miaka mitatu baadaye, Machi 1955, Nyerere naye alisimama New York, na TANU nayo ilikuwa imechangisha. Njia ilishajulikana.

Mimi nauliza hivi: kama ile haikuwa hisani, hisani ni nini? Watu walitoa fedha kwa jambo la wote, bila faida, na wakatuma mtu awasemee. Shida ni kwamba ukifungua fomu za ufadhili, historia hiyo haina kisanduku. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ni ya mwaka 2002, kwa hiyo anayetafuta cheti cha usajili wa namna hiyo ataanza historia juzi.

Sisemi wafadhili wote wako hivyo. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, imewasaidia wanafunzi wengi wa Afrika kuandika tasnifu. Ford Foundation nayo ilikuwa na mpango wake wa kimataifa kuanzia 2001 hadi 2013, na Tanzania ilikuwemo. Wale walilipiwa shahada za juu kwenye fani walizochagua wenyewe. Mpango ule umekwisha. Tukaja kwenye mlima wenyewe, kitabu kikubwa cha historia ya wakulima wa Meru na Arusha, Mountain Farmers cha 1997, kiliandikwa na Mmarekani, Thomas Spear. Kitabu kizuri, nimekisoma usiku na mchana, sina kinyongo. Lakini mwenzetu wa hapa akitaka kuendelea pale Spear alipoishia, anaambiwa alete namba ya usajili.

Kaka anajaribiwa. Mjini Arusha ofisi za mashirika zimejaa kila mtaa. Achague moja, ajaze fomu, apate hela, mwisho wa habari. Nilimwambia asifanye hivyo. Akaniuliza kama nitamlipia ada. Nikanyamaza, maana hata chipsi siku ile alininunulia yeye.

Jumamosi tulipanda naye hadi Ngare Nanyuki, kwa bibi wa room-mate wangu. Hela ya gari tulichanga sisi watatu. Bibi alikuwa mtoto wakati ule. Anakumbuka moshi, na anakumbuka mama yake akiuza kuku wa mwisho ili "kijana aende". Kaka aliandika kurasa nne. Kisha bibi akamtazama akamuuliza, "Na wewe mwanangu, wenzako wamekuchangia?"

Fomu inafungwa tarehe 30. Kwenye nafasi ya mfadhili mkuu ameandika "kaya za Meru". Usajili ameacha wazi.