Kipimo cha Ardhi na Kipimo cha Nyota

Karibu na Mlowo, katika nchi ya Mbozi, pana jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Wenyeji ndio waliolijua kwanza. Kwa watu wa ng'ambo habari zake zilienea tangu mwaka wa 1930, alipolikuta mpima ardhi W. H. Nott. Kimondo hicho twaweza kukigusa na kukipima kwa kamba. Lakini nyota zing'aazo juu yake usiku, ambazo mkono haufiki wala mguu haukanyagi, umbali wake wajulikanaje? Yafaa tufahamu kwanza ya kuwa kazi ya mpima nyota na kazi ya mpima ardhi asili yake ni moja.

Mpima ardhi atakaye kujua umbali wa kilima asichoweza kukifikia hupima kwanza mstari mmoja uwandani kwa uangalifu mwingi. Nao huitwa msingi. Kisha hukitazama kilima kutoka ncha zote mbili za msingi, akazipima pembe, na hesabu humpa yaliyosalia. Kwa njia hiyo David Gill, aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema tangu 1879 hata 1907, alitaka Afrika ipimwe toka kusini mpaka Misri kwa kufuata mstari wa digrii 30 mashariki. Sehemu ya Tanganyika, iliyo magharibi ya Mlowo kuelekea ziwani, ilipimwa na Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, na mnyororo wote ulikamilika mwaka wa 1954. Wapagazi nao wana sehemu yao katika sifa hiyo, kwani chombo kisichofika kileleni hakipimi kitu.

Gill huyo huyo alipima nyota pia. Msingi wake ulikuwa njia ya dunia kulizunguka jua: tulipo leo na tutakapokuwa baada ya miezi 6 ni mbali kilometa 300,000,000 hivi. Nyota ya karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya zile za mbali, na mhamo huo ndio pembe itakiwayo. Bessel wa Ujerumani alifaulu kwanza, mwaka wa 1838; mwaka uliofuata Henderson akatangaza hesabu za nyota aliyoitazama kutoka Rasi, ambayo nuru yake husafiri miaka 4 na zaidi kidogo hata kutufikia.

Sasa tutazame kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari, zionekanazo jioni tangu Desemba hata Machi. Pana kitu kama moshi. Ni wingu la gesi, nalo hung'aa kwa sababu nyota changa zenye joto kali mno zimo ndani yake. Huggins wa Uingereza alionyesha mwaka wa 1864 kwamba baadhi ya mawingu ya namna hii ni gesi kweli. Kwa zamani hizo mhamo wake haukupimika. Basi wataalamu walikisia: nyota ya namna fulani ina nuru kadha wa kadha; ikionekana hafifu, i mbali. Kumbe pana vumbi angani! Mwaka wa 1930 Trumpler, huko California, alithibitisha kwamba vumbi hilo hupunguza nuru, hata nyota ikadhaniwa kuwa mbali kuliko ilivyo. Ni kama taa ionekanayo katika ukungu wa Mbozi: asiyeukumbuka ukungu hukosea safari.

Dawa ilikuwa kurudi kwenye pembe. Mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi yaletayo sauti nyumbani mwetu, hupenya vumbi hilo. Mwaka wa 2007 Karl Menten na wenzake, kwa minara ya Marekani iliyosikiliza pamoja, walitangaza kipimo cha nyota changa chache za kundi hilo hilo. Gawa digrii moja sehemu 3,600. Mhamo walioupata kwa msingi mzima ni kama sehemu moja ya 200 ya kipande kimoja. Umbali wake ni safari ya nuru ya miaka 1,350 hivi.

Hivyo makisio yaweza kupotoshwa na vumbi, bali msingi uliopimwa vema hauna upendeleo. Hilo ni kweli kwa shamba la Mlowo, na ni kweli kwa mbingu zilizo juu yake.