Hevi metali ya Kenya na urithi wa misitu ya Nyeri

Muziki wa hevi metali hutambulikana kwa magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma za kasi na waimbaji wanaofoka. Hata hivyo, baadhi ya bendi zimejijengea sifa kwa kuchanganya kishindo hicho na utulivu wa gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme. Mfano unaotajwa sana ni Opeth ya Uswidi. Albamu yake Deliverance ya mwaka 2002 ni nzito, ilhali Damnation ya mwaka 2003, iliyorekodiwa katika kipindi hicho hicho, ni ya upole mwanzo hadi mwisho.

Nchini Kenya mchanganyiko huo umefuata njia nyingine, na mizizi yake inafika Nyeri.

Mwaka 2019, wanamuziki wawili kutoka bendi za metali za Nairobi, Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, walijitokeza kama kundi la Duma. Msomaji wa Kiswahili humfikiria mara moja yule mnyama mwenye mbio, lakini jina hilo limetokana na neno la Gikuyu lenye maana ya giza. Albamu yao, iliyoitwa Duma vilevile, ilirekodiwa Kampala na kutolewa Agosti 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes. Hawakuwa na mpiga ngoma. Khanja alipiga mayowe, Karugu akashika gitaa, na midundo ikatoka mitamboni.

Wapenzi wa metali ughaibuni waliuona mtindo huo kuwa kioja. Mkazi wa Karatina au Nanyuki hangeshangaa sana. Katika baa za miji ya Mlima Kenya, mwanamuziki mmoja mwenye gitaa lake, mashine ikimpigia ngoma, amekuwa akikesha na wateja kwa miaka mingi. Mtindo huo ni mugithi, neno lenye maana ya garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana na kufuatana kama mabehewa. Nyingi za nyimbo zinazorudiwa humo ni za wakongwe kama Joseph Kamaru wa Murang'a, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018.

Baadaye Lord Spikeheart alishika njia yake peke yake. Mwaka 2024 alitoa albamu The Adept kupitia kampuni yake, Haekalu, akishirikiana na wasanii kadhaa akiwemo Backxwash, mwanarapu mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Albamu hiyo aliitunuku Muthoni wa Kirima, ambaye msanii huyo hujitambulisha kuwa kitukuu chake.

Muthoni ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi mashali katika vita vya Mau Mau. Alibaki msituni hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963, na nywele alizozisokota huko hakuzikata hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta aliposhika mkasi mjini Nyeri. Alifariki Septemba 2023.

Wapiganaji wa enzi yake walikuwa na mchanganyiko wao. Nyimbo nyingi za Mau Mau ziliimbwa kwa tuni za tenzi za kanisani, hata mzungu asiyejua Gikuyu akapita akidhani ni ibada. Maneno mazito yalifichwa ndani ya sauti tamu. Kwa Lord Spikeheart sauti yenyewe ndiyo nzito, na maneno humezwa na mayowe. Asiyeelezwa habari za Muthoni anaweza kuisikiliza albamu nzima bila kujua ni ya nani.

Upande wa utulivu nao umepata mrithi. Mjukuu wa Kamaru, anayeitwa Joseph Kamaru pia na kutambulikana kama KMRU, hutunga muziki wa polepole usio na ngoma, akitumia sauti anazozirekodi mitaani na mashambani. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020, mwaka ule ule wa Duma. Yeye ndiye pia aliyezirudisha sokoni rekodi za babu yake kwa njia ya intaneti.