Kemikali katika Maji ya Kunywa: Ufipa na Bonde la Rukwa

Maji ya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, hubadilika kadiri yanavyoteremka. Juu, ambako mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, chemchemi hububujika kutoka miamba ya kale na kwa kawaida hazina chumvi nyingi. Chini, Ziwa Rukwa halina mto unaolitoa maji. Jua huyakausha na magadi hubaki. Wakazi wa bonde walilijua hilo kabla ya maabara yoyote: huko Ivuna, kusini mwa ziwa, chumvi ilikuwa ikichemshwa karne nyingi kabla ya ukoloni.

Upimaji wa kitaalamu ulishika kasi serikali ilipoamua kuchimba visima kwa wingi. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo la kila mwanakijiji kupata maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mkoa wa Rukwa, uliozaliwa 1974, ulipata mpango wake mkuu wa maji mwaka 1982 kwa msaada wa Norway, kazi iliyofanywa na kampuni ya Norconsult.

Tatizo kubwa la visima vya ukanda wa bonde la ufa nchini, hasa Arusha na Kilimanjaro, lilikuwa floraidi, ambayo hutia meno madoa ya kahawia na ikizidi sana hupinda mifupa. Elektrodi ya kuipima, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966, ilirahisisha kazi ya kupima. Kuamua kiasi cha kuruhusiwa kulikuwa kugumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, mwaka 1974, iliruhusu 8 kwa muda. Sababu haikuwa ya kitabibu: vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Muda huo ulirefuka. Mwaka 2003 kikomo kilishushwa hadi 4, na viwango vya baadaye vikafika 1.5.

Floraidi hutoka mwambani. Sumu nyingine huletwa na binadamu, na bonde la Rukwa lina historia yake. Mbuga zake ni mazalio ya nzige wekundu, walioitesa Afrika kati ya 1929 na 1944. Tangu 1949 shirika la kimataifa lililokuwa na makao Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, liliwapiga vita kwa viuatilifu. Upande wa bonde uitwao Lupa, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki.

Kipimo cha floraidi hakionyeshi lolote kati ya hayo. Sumu isiyotafutwa huweza kugunduliwa kwa bahati tu: katika kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, Marekani, wapimaji waliokuwa wakitafuta kemikali zinazotokana na kutia klorini majini mwaka 1980 waligundua kitu kingine kikiwavurugia vipimo. Vilikuwa viyeyusho vya viwandani na vya kufulia, lakini visima vibaya zaidi vilifungwa mwishoni mwa 1984 na mwaka 1985.

Ufipani, mamlaka ya maji ya SUWASA huhudumia mji wa Sumbawanga, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, huhudumia vijiji tangu 2019. Vyanzo vyenyewe vimegawanywa na mwinuko: maji yateremkayo mashariki yako chini ya ofisi ya Bonde la Ziwa Rukwa, Mbeya, na yaendayo magharibi yako chini ya ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma.