Kibali, Haki, Fidia

Kibali na kukubali ni ndugu wa tumbo moja. Palipotolewa kibali, yupo aliyekubali. Kwa hiyo tukiletewa “biashara ya vibali vya uchafuzi”, tuna haki ya kuuliza: nani kakubali?

Mpango wenyewe si mgumu. Serikali huweka kikomo cha hewa chafu kwa mwaka, hukigawa kuwa vibali, na kila kiwanda hudaiwa kibali kwa kila tani inayotoka kwenye bomba lake. Kiwanda kinachoweza kupunguza moshi kwa bei nafuu huuza vibali vinavyobaki; kisichoweza hununua. Marekani iliutia utaratibu huo katika sheria ya mwaka 1990 ili kupambana na mvua ya asidi, iliyochangiwa sana na mitambo ya umeme ya makaa ya mawe. Moshi wa salfa ulipungua, tena kwa gharama ndogo kuliko ilivyohofiwa.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa waangalifu wa maneno. Waliandika bayana kwamba kibali ni ruhusa yenye mipaka, wala si haki ya umiliki. Lakini kitu kikishakuwa na bei, kikauzwa na kuwekwa akiba, ndimi huanza kukiita haki. Hapo ndipo sisi Waswahili tunapobanwa zaidi, kwa sababu “haki” yetu hubeba mawili: stahili ya mtu na uadilifu wenyewe. Tukisema “haki ya kuchafua”, tumeikalisha jamvi moja na “haki ya mazingira”, kana kwamba ni wadai wawili wa cheo kimoja.

Sivyo. Haki ya mazingira ilipata sauti mwaka 1982 katika Kaunti ya Warren, North Carolina, watu walipolala barabarani kuzuia malori yaliyokuwa yakipeleka udongo wenye sumu ya PCB kufukiwa karibu na makazi ya Wamarekani Weusi. Hoja yao ilikuwa mahali: kwa nini hapa, kwa nini kwetu? Soko halina sikio la swali hilo. Kwenye daftari lake, tani ni tani popote itokapo.

Los Angeles ililionyesha hilo waziwazi katika miaka ya 1990. Mamlaka ya hewa ya eneo hilo iliziruhusu kampuni za mafuta kununua magari makuukuu na kuyageuza chuma chakavu. Kwa moshi uliohesabiwa kuwa umeokolewa, kampuni hizo ziliweza kuahirisha kufunga mitambo ya kunasa mvuke kwenye gati zao. Meli inapopakiwa, mafuta yanayoingia tangini husukuma nje mvuke, na ndani yake mna benzini, kemikali inayosababisha saratani. Magari yalikuwa yametapakaa eneo zima. Mvuke ulitoka palepale gatini, jirani na mitaa kama Wilmington, yenye wakazi wengi Walatino. Hesabu ya jiji ilisawazishwa kwa mapafu ya mtaa.

Kitendo hicho cha kupunguza huku ili kuendelea kule, wataalamu hukiita “kufidia”, na siku hizi tunasikia “fidia ya kaboni” pia. Hapa nagoma kabisa. Fidia tunayoijua humwendea aliyeumizwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mwaka 2020 walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha baada ya Mahakama ya Rufani kuibatilisha. Hiyo ni fidia, ingawa imekuja baada ya damu kuingia sumu. Mkazi wa Wilmington alifidiwa nini gari la mtu asiyemjua lilipopondwapondwa?

Basi tuite kila kitu kwa jina lake. Kibali kibaki “ruhusa”, kwa maana ruhusa hufutika. “Fidia” ya sokoni iitwe “punguzo la kwingine”: jina hilo halipendezi, lakini humlazimisha afisa anayelisoma hadharani kutaja kwingine ni wapi, na hapa ni kwa nani. Nalo neno “haki” liachiwe anayevuta hewa hiyo. Sheria itakayoandikwa kwa maneno hayo bado inaweza kuwa na soko ndani yake, ila itakuwa vigumu kuipitisha bila kuwauliza wanaokaa karibu na bomba.